Oliva Ndani ya Duara

Mambo yaliharibika Alhamisi, tarehe kumi na saba Julai, mwaka 2025, saa nne kasorobo asubuhi, pale mwenyekiti Egidius aliposimama mbele ya darasa la kompyuta na kumgawa mke wa mtu.

Aligawa kama anavyogawa mbegu, bila kumtazama mtu usoni. Kikundi chao cha mchele kilikuwa kinatengeneza tovuti ili wanunuzi wa Dar es Salaam wawaone bila madalali, na watu wa mradi uliowafadhili walisema tovuti ianze na wanawake walioanzisha kikundi, kila mmoja na ukurasa wake. Mwalimu Jane alikwisha kuweka maneno na picha. Kilichobaki ni kuzivika kurasa: rangi, ukubwa wa herufi, nafasi, mahali pa kukaa picha. Kazi hiyo ndiyo iliyoitwa CSS, na ndiyo wanakikundi waliyokuja kujifunza pale kituo cha vijana, mtaa wa Viwanja Sitini, ingawa kijana mle ndani alikuwa mwalimu peke yake.

"Bibi Aurelia atatengenezwa na Adolf," alisema Egidius. "Marehemu Oliva, Nkwabi."

Adolf alisimama. Kiti kikaanguka nyuma yake.

"Mwenyekiti, Oliva ni mke wangu."

"Tunajua, kaka. Ndiyo sababu tumekuepusha. Wewe ukipewa, utatuwekea msalaba na rangi nyeusi, wanunuzi wadhani tunauza majeneza."

Watu wakacheka. Wengine walijaribu kujizuia, wakashindwa. Hayo Adolf angeyavumilia, maana alikwisha kuzoea kuchekwa na wenye vyeo. Lililomchoma lilitoka upande wa pili wa meza yake mwenyewe, kwa Nkwabi, aliyekuwa ameketi ametulia na kofia yake ya pama magotini.

"Mimi nashukuru, mwenyekiti," alisema Nkwabi kwa sauti yake ile nzito ya Kisukuma. "Nilitaka kumwomba huyo huyo. Yule mama nilikuwa namfahamu."

Namfahamu! Adolf aliokota kiti akaketi, lakini neno hilo lilikwisha kumkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Oliva alifariki masika ya mwaka uliotangulia. Alikuwa amevuka mto kwenda Lupiro kumpelekea mumewe chumvi na sabuni kwenye kibanda cha shamba, homa ikamkamata huko huko, na barabara ilikuwa imekatwa na maji mahali ambapo palikuwa pawekwe kalvati. Kalvati hilo liliahidiwa kwenye kila mkutano. Walipewa hata mchanga, rundo zima, likaota majani. Aliyekuwa kwenye kamati ya kusimamia ujenzi huo pale kitongojini ni Egidius huyu huyu. Kwa hiyo Adolf alipomtazama amesimama mbele na kalamu sikioni, aliona jambo moja tu: mtu aliyeshindwa kumwokoa Oliva akiwa hai, leo amepewa madaraka ya kumgawa akiwa amekufa. Nchi hii, mtu akishindwa kazi hupandishwa.

Na Nkwabi je? Nkwabi aliingia bondeni na ng'ombe zake miaka mingi nyuma, akauza maziwa, akanunua shamba, akawa mkulima wa mpunga kama wengine. Kila asubuhi alipita Viwanja Sitini na baiskeli, dumu la maziwa huku na huku. Adolf miezi hiyo yote alikuwa ng'ambo ya mto, amelala kibandani akifukuza ndege na nguruwe, kama walivyofanya wanaume wengi wa pale: msimu ukianza mume anahamia shamba, mke anabaki mjini na watoto. Hakuwahi kuona ubaya wowote. Baba yake aliishi hivyo, na babu yake pia.

Sasa akaanza kuhesabu misimu.

*

Kompyuta zilikuwa chache, wakaketi wawili wawili kwa zamu. Egidius, kwa hekima zake, alikuwa amewaweka Adolf na Nkwabi pamoja. Basi kila siku Adolf alilazimika kuketi ubavuni kwa mtu mwingine akimpamba mkewe.

Somo lenyewe halikuwa gumu kama alivyolihofia. Adolf aliishia darasa la nne, lakini mwalimu Jane alikuwa na namna yake ya kueleza. Siku aliyofundisha nafasi alichora mraba ubaoni, akageuka.

"Baba Adolf, hiki ni nini?"

"Sanduku."

"Kwa watu wa Dar. Kwenu hapa?"

Adolf akatazama vizuri. "Jaruba," alisema.

"Haya. Kila kitu kwenye ukurasa ni jaruba. Maneno ndiyo mpunga. Mpaka wake ndiyo tuta. Kuna nafasi ndani, kati ya mpunga na tuta, na kuna nafasi nje, kati ya jaruba hili na la jirani. Ukitaka mpunga usibanane na tuta, unaongeza ya ndani. Ukitaka jirani asogee mbali, unaongeza ya nje."

"Huyo wa jirani," alisema Adolf, "nataka asogee mpaka Mang'ula."

Darasa likacheka, na Nkwabi akacheka kwa sauti kuliko wote, jambo lililomuudhi Adolf zaidi ya kama angenuna.

Ubaya ni kwamba Nkwabi alikuwa na mkono. Vidole vile vilivyozoea kukamua viligusa vibonyezo polepole, kimoja baada ya kingine, na kila alichogusa kilikaa sawa. Baada ya wiki moja ukurasa wa Oliva ulikuwa umekwisha. Jina lake lilikaa juu, peke yake, na nafasi ya kupumua kila upande, kwa rangi ya zambarau iliyoiva. Chini yake picha: uso wa Oliva ndani ya duara, anacheka, meno yote nje, na kitambaa kidogo cha zambarau kikichungulia shingoni.

Angelina, mweka hazina wa kikundi na shoga wa Oliva tangu usichana, ndiye aliyekuwa ametoa picha za waasisi wote kwenye simu yake. Aliacha meza yake akaja kuchungulia, akajipiga paja.

"Nkwabi wee! Umempamba kama bibi harusi!"

"Wa nani?" aliuliza Adolf.

"Wa nani nini?"

"Bibi harusi wa nani?"

Angelina akarudi kwenye kiti chake. Kwenye kioo cha kompyuta, zamu ya Adolf ilipofika, alikuwapo bibi Aurelia wake: jina jekundu la kutisha, herufi kubwa kiasi cha kutoka nje ya ukurasa, picha imejibana kwenye kona kama mtu aliyenyeshewa. Mtu mmoja nyuma aliuliza bibi amechapwa na nani.

Adolf hakujali habari za Aurelia. Alimgeukia Nkwabi.

"Kwa nini zambarau?"

"Ilikuwa rangi yake."

"Nani kakwambia?"

"Ah, mzee mwenzangu. Si nilikuwa naleta maziwa kwako kila asubuhi? Mtu akipima maziwa anaongea."

Adolf alikaa akilitafuna jibu hilo mpaka zamu ikaisha. Kila Krismasi, baada ya kuuza mpunga, alimnunulia Oliva kitenge cha kijani. Kijani hiki, kijani kile, chenye maua, chenye ndege. Oliva alikipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akasema asante baba. Wala hakuwahi kusema neno. Mtu gani anapokea kijani miaka yote hiyo kwa mumewe, halafu anamweleza zambarau muuza maziwa?

Usiku huo alikula ugali akaona hauna ladha. Kesho yake akaenda darasani mapema kuliko mwalimu.

*

Maagizo ya kurasa zote yalikaa kwenye faili moja, na kila mtu alilifungua kutoka mezani kwake. Kila mwanafunzi alikuwa na sehemu yake. Jane alikuwa amewaomba, kama unavyowaomba watu wazima, mtu asiguse sehemu ya mwenzake.

Nkwabi alitoka kwenda kununua maandazi. Adolf akavuta kompyuta upande wake.

Hakugusa sehemu ya Nkwabi. Hilo mbele ya Mungu hakulifanya. Alichofanya ni kupanda juu kabisa ya faili, juu ya sehemu ya kila mtu, akaandika pale jina la Oliva na rangi ya kijani. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Mwalimu mwenyewe alisema ni majaruba, na majaruba kila mtoto wa bonde anayajua: mwenye shamba la juu, karibu na mfereji mkuu, ndiye mwenye maji. Akifungua anakunywa yeye kwanza, akifunga wa chini wote wanakauka. Ndiyo maana mashamba ya juu huwa ya wenyeviti na jamaa zao. Adolf maisha yake yote amelima chini. Leo, angalau mara moja, amekaa juu.

Akahifadhi, akafungua ukurasa upya. Zambarau.

Akaandika tena, kwa makini, herufi moja moja. Zambarau. Oliva akamcheka ndani ya duara lake.

Adolf alipiga meza kwa kiganja.

"Mwalimu! Mmenifungia!"

Darasa zima likageuka. Egidius alikuwa mlangoni anaongea na simu, akaikata.

"Nani amekufungia nini?"

"Wewe na watu wako! Naandika, haishiki! Huyu Msukuma akiandika inashika, mimi nikiandika haishiki! Hata humu ndani mmeweka maji ya wakubwa?"

"Adolf, punguza sauti."

"Sipunguzi! Kalvati mlipunguza, mbolea mlipunguza, sasa mpaka rangi ya mke wangu!"

Jane alikuja taratibu. "Shikamoo baba, hebu tuone," alisema, ingawa walikwisha kusalimiana asubuhi. Akainama, akasoma mistari ile ya juu kabisa. Alielewa mara moja, na Adolf aliona kwamba ameelewa, maana binti alishusha sauti. Lakini kile chumba kilikuwa kidogo.

"Baba, hakuna aliyekufungia. Kompyuta inasoma kuanzia juu inashuka. Ikikuta maagizo mawili ya namna moja yanagombania kitu kimoja, inashika lile lililokuja mwisho. Wewe umesema kijani juu, halafu huku chini Nkwabi kasema zambarau. Wa chini kashinda."

"Wa chini?"

"Wa chini kabisa ndiye mwenye neno la mwisho."

"Jamani!" Angelina akadakia. "Basi nihamishieni shamba langu humo!"

Kicheko kikalipuka, na katikati ya kicheko hicho Nkwabi akaingia na mfuko wa maandazi. Alitazama kioo, akatazama mistari, akamtazama Adolf. Hakukasirika. Alitoa andazi moja akaliweka kwenye karatasi mbele ya Adolf.

"Kama unataka kijani, mzee, ungesema tu. Ningekuwekea."

"Nikuombe mke wangu?"

Hapo hakucheka mtu.

Adolf akasukuma andazi pembeni, akaweka kidole kwenye kioo, juu ya duara. "Na huku umemkata. Mabega yako wapi? Mikono iko wapi? Mke wangu hakuwa kichwa kitupu."

"Inapendeza hivyo. Hata wengine wataweka duara."

"Mrudishe mzima."

Nkwabi alivuta kiti, akaketi karibu, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya chini. "Rangi badili unavyotaka. Leo hii badili. Hiyo picha, kaka, iache ilivyo."

"Kwa nini?"

"Iache tu."

Angelina, meza ya tatu, alikuwa ameinamia vibonyezo vyake, lakini mikono yake haikuwa inaandika.

*

Iache tu. Adolf alitembea na maneno hayo siku zote zilizobaki. Ni mtu gani anamwambia mume aache? Anayejiona mwenye mali. Duara lile likageuka machoni pake kuwa zizi: Nkwabi amemfungia Oliva humo kama anavyofungia ndama, amtazame peke yake, acheke naye peke yake. Kule Mahenge walikotoka wazee wake, mtu akifiwa na mke, ndugu huja wakakaa naye wakamsaidia kukumbuka. Yeye alikuwa anasaidiwa kusahau, na mgeni, kwa kibali cha mwenyekiti.

Hasira ilimfanya mwanafunzi mzuri. Alianza kuuliza maswali. Herufi inapunguzwaje? Picha inavutwaje kutoka kona? Bibi Aurelia akanenepa kidogo, akasogea katikati, akapata tuta la rangi ya udongo lililompendeza. Jane alimsifu mbele ya wote, na Adolf akaitikia kwa kichwa, lakini alikuwa anangoja swali lake lenyewe.

"Mwalimu, mtu akiwa amekata picha duara, inarudije kuwa nzima?"

"Unaziambia pembe zisiwe na mviringo. Halafu upana na urefu unauachia wenyewe. Picha yenyewe haijakatwa, baba. Ipo yote nyuma. Duara ni kama dirisha tu."

"Ipo yote?"

"Ipo yote."

Siku ya kuonyesha tovuti ilikuwa Jumamosi. Wanakikundi walijaa, wanawake wamevaa sare, na alikuwapo mnunuzi aliyetoka Dar na begi lake la mgongoni. Ukuta ulikuwa umepakwa chokaa upya ili picha zionekane. Adolf alifika watu wakiwa bado wanapanga viti, akafungua faili, na safari hii hakupanda. Alishuka. Akapita sehemu ya Angelina, ya wenzake, yake, ya Nkwabi, mpaka chini kabisa, chini ya neno la mwisho la mtu wa mwisho. Pale akaandika mambo mawili. Jina la Oliva liwe kijani. Picha ya Oliva iwe nzima.

Akahifadhi. Alikuwa anataka kuufungua ukurasa auone kwanza, lakini mkono wa Egidius ukamshika bega.

"Haya, haya, toka hapo, tunaanza. Kaa na wenzako."

Jane akachomeka waya. Ukuta ukawaka.

Alianza bibi Aurelia, na watu walipiga makofi ya kweli. Bibi mwenyewe, aliyeletwa na bodaboda, aliuliza yule mrembo ni nani. Mnunuzi akapiga picha kwa simu yake. Adolf hakusikia makofi hayo. Macho yake yalikuwa kwa Nkwabi, safu ya mbele, kofia magotini, anatabasamu kama mtu anayengoja mtoto wake apande jukwaani.

"Na sasa," alisema Jane, "marehemu mama Oliva."

Jina likatoka kijani. Wanawake wakanong'ona. Halafu picha ikajaza ukuta, kutoka upande hadi upande, hakuna duara, hakuna dirisha.

Tabasamu la Nkwabi likazimika.

Adolf alimwona mke wake mzima. Mabega yote, mikono yote, miguu ndani ya viatu vya wazi. Kitenge cha zambarau kilimzunguka kuanzia kifuani hadi kwenye visigino, kipya, bado kina mikunjo ya dukani. Baada ya arobaini Adolf alikuwa amefungua sanduku la Oliva kwa mikono yake mwenyewe na kugawa nguo moja moja kwa dada zake. Kitenge hicho hakikuwamo. Pichani, nyuma ya Oliva, palikuwa na reli, na kibao cha stesheni kilichoandikwa Mang'ula, na milima ya Udzungwa imejifunika mawingu. Oliva hakuwahi kumwambia kwamba alipanda treni kwenda Mang'ula. Alikuwa na ndugu gani Mang'ula?

Na hakuwa peke yake. Pembeni, pale picha yenyewe ilipoishia, palikuwa na mkono wa mwanamume. Mkono tu, tangu kiwiko, shati jeupe limekunjwa, umeshika kikapu cha Oliva kwa namna mtu anavyoshika kitu alichozoea kukishika. Oliva alikuwa amegeukia upande huo. Cheko lile, ambalo Adolf alidhani lilikuwa la mpiga picha, au la dunia nzima, lilikuwa linakwenda kule kwenye mkono.



Adolf alisimama, akatembea mpaka ukutani, mwanga ukampiga usoni, kivuli chake kikamwangukia Oliva tumboni. Akageuka. Nkwabi alikuwa ameinamisha kichwa, mikono yote miwili iko chini ya kofia. Egidius alikuwa ameikunja yake kifuani, na mikono mirefu ya shati lake jeupe imefungwa vifungo mpaka kwenye viganja. Wanaume wengine, wasiokuwa na habari na wasiokuwa na kosa, nao walianza kutazama mikono yao wenyewe. Angelina alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya khanga.

"Mwalimu," alisema Egidius, akakohoa, "hebu nenda ukurasa mwingine, mgeni ana safari."

Kidole cha Jane kikasogea.

"Usiguse," alisema Adolf.

Kidole kikasimama. Mnunuzi wa Dar alishusha simu yake polepole, akaiweka mfukoni. Adolf alinyoosha mkono akagusa ukuta pale ulipokuwa ule mkono mwingine, chokaa mbichi ikamchafua vidole.

"Angelina, picha ni yako. Nkwabi, wewe ndiye uliyemkata ukaniambia niache. Mwenyekiti, wewe ndiye uliyeninyima mimi mumewe ukurasa wake, ukampa Nkwabi. Mko watatu, na mimi sina haja na maelezo marefu. Huyu ni nani?"